Mwanamke Aliyeshtakiwa kwa Makosa ya Jua

Mtaani walimwita Bi Vumbi, na usije ukadhani ni kwa uchafu. Mwanamke yule akifua mashuka, ukiyatazama juani unaumia macho. Jina lilitokana na kazi yake. Kila aliyemuuliza unafanya kazi gani alijibiwa kwamba anahesabu vitu vidogo vidogo vinavyoanguka kutoka juu, na mtu akiambiwa hivyo atafikiri nini zaidi ya vumbi? Likamganda. Mumewe, fundi seremala mwenye karakana nyuma ya nyumba, alijaribu kuwaelewesha watu mara mbili tatu, akachoka. "Mwacheni mke wangu na vumbi lake," akawa anasema, "mradi nyumbani halileti."

Sasa ngoja nikueleze kazi yenyewe, maana bila hivyo utacheka mahali si pake, na mimi mtu akicheka mahali si pake hunikera.

Kwenye kona ya uwanja wa taasisi moja ya sayansi, nyuma ya ghala la viti vibovu, kulikuwa na kibanda cha mabati chenye mlango wa kijani. Ndani yake mabomba sita marefu yamelazwa, yamezungushiwa matofali ya risasi. Risasi ile metali nzito, si ya bunduki, ingawa mlinzi wa kwanza alikataa katakata kulinda pale mpaka alipofunguliwa akaona kwa macho yake. Mabomba yale yalikuwa yakihesabu wageni. Huko mbali, mbali usikoweza hata kukuwazia, nyota zikifa kwa kishindo hurusha vijichembe vinavyokimbia karibu sawa na mwanga. Husafiri miaka nenda miaka rudi, vikafika kwetu, vikagonga hewa ya juu na kuvunjikavunjika, na vipande vyake vikatunyeshea sote, wewe na mimi, mchana na usiku, na mwavuli hausaidii. Wataalamu huviita miale ya anga za mbali. Kila vikipita vipande mia, kihesabio cha ukutani kinasogea namba moja. Saa mbili kamili asubuhi Bi Vumbi alikisoma, akaandika namba kwenye daftari kubwa. Saa mbili na dakika kumi kihesabio kilijirudisha sifuri chenyewe. Ukichelewa, siku imekwenda na maji.

Lakini wageni wale wana mwenye nyumba, naye ni Jua. Jua halitoi mwanga na joto tu. Linapuliza upepo pande zote, upepo uliobeba nguvu za sumaku, na unavuma mpaka kuzipita sayari zote. Jua likitulia, upepo ule unakuwa mpole na vijichembe vinapenya kwa wingi. Jua likichachamaa, likatoka madoa usoni na kuanza kulipukalipuka, sumaku zile hujisokota na kuwasukuma wageni nje. Kwa hiyo Jua likipanda mori, hesabu inashuka. Likipoa, hesabu inapanda, na mzunguko huo huchukua miaka kumi na mmoja hivi. Profesa mzee aliyejenga kibanda alimweleza Bi Vumbi hayo yote wakati akiwa bado mfagiaji wa pale, kaegemea ufagio wake. "Mwenye nyumba akiwa mkali, wageni hupungua," alimwambia. "Wewe kazi yako si kumtuliza. Wewe hesabu wanaofika."

Msomaji wa kwanza alipoacha kazi, Profesa aliuchukua ufagio, akauegemeza ukutani, akampa kalamu. Hakuwa na shahada, hakuwa na nini, alikuwa na macho mazuri na hakuchelewa. Miaka ishirini na ushei ikapita. Profesa akastaafu, akafariki, Jua likakasirika na kupoa na kukasirika tena, na Bi Vumbi akawa anaandika. Kila mwisho wa mwezi alinakili namba zake na kuzituma kwenye ofisi moja ya nchi ya mbali ambako vituo vya dunia nzima hukusanya hesabu zao. Watu pale taasisini walipenda kusema kwamba katika daftari lile haijawahi kuandikwa namba ya uongo hata moja. Wakisema hivyo mbele yake, yeye hubadilisha mazungumzo. Wakamwona mnyenyekevu.

Kisha akaja Bwana Malengo.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Mtu huyu alikuwa mkurugenzi wa kiwanda cha sabuni, na kule alifanya vizuri sana, hilo tumpe. Sijui nani aliona kwamba mtu aliyeongeza miche ya sabuni ataongeza na sayansi. Wiki ya kwanza alitundika ubao mrefu kwenye ukumbi, na kila idara ikaandikiwa lengo lake na mshale. Mkutubi aliwekewa lengo la vitabu vya kuazimwa, akawa anajiazima mwenyewe. Mfagiaji alipewa lengo la kilo za takataka, akaanza kuja nazo kutoka nyumbani. Na kwenye mstari wa mwisho wa ubao: Kibanda, miale, 8,500 kwa siku.

Mwaka ule Jua lilikuwa linapoa. Hesabu ikapanda, 8,300, 8,380, 8,440, bila mtu kuigusa, na Bwana Malengo akafurahi mpaka akawa anapiga meza. Mwisho wa mwaka akamtangaza Bi Vumbi Mfanyakazi Bora. Alipewa cheti na chupa ya chai, na picha yake ikatundikwa ukumbini. Aliposimama kupokea, alifungua mdomo aseme, jamani, hii ni kazi ya Jua, mimi nasoma tu. Akamwona mumewe mstari wa mbele, kavaa suti ya harusi yao, anapiga makofi kwa mikono ile iliyojaa makovu ya msumeno. Mdomo ukajifunga. Akasema, "Ahsanteni."

Hapo ndipo alipokosea, na nasema wazi ingawa nampenda. Seremala alizunguka karakana zote akitangaza kwamba mkewe amezidisha miale. "Amezidishaje?" wakamuuliza. "Kwa bidii," akajibu.

Baada ya mwaka mmoja na nusu Jua likaamka. Madoa yakaanza kutokeza, na hesabu ikaanza kushuka pole pole. 8,350. 8,210. 8,060. Barua ya kwanza ikaja: eleza kwa maandishi sababu za kushuka kwa uzalishaji. Akaeleza kwa kurasa mbili, akachora na Jua. Ikaja ya pili: maelezo yako yamepokelewa, ongeza juhudi. Ziongezwe wapi? Bwana Malengo aliamuru paa la kibanda lioshwe ili miale ipite vizuri. Likaoshwa, hesabu ikashuka. Akaagiza mabomba yapanguswe kwa kitambaa laini kila baada ya saa moja. Yakapanguswa, hesabu ikashuka. Akamfutia Bi Vumbi muda wa chai, na hesabu, utafikiri na yenyewe ilikuwa inangoja chai, ikashuka chini ya elfu nane.

"Mke wangu," Seremala alimwambia jioni moja huku akipiga randa, "kwani ile bidii ya mwaka juzi imekwenda wapi?"

"Hakukuwa na bidii yoyote, baba. Nilikuwa nasoma tu, na sasa nasoma tu."

Seremala akasimamisha randa. "Na ile chupa ya chai?"

Bi Vumbi akachukua ufagio, akaanza kufagia maranda.

Halafu Jua likalipuka kweli kweli. Ilikuwa siku ya Jumanne. Lilitema wingu kubwa la sumaku likaja moja kwa moja upande wetu, likaipita Dunia na kuwafagilia mbali wageni wote waliokuwa njiani. Jumatano saa mbili Bi Vumbi alisoma kihesabio, akafuta miwani, akasoma tena. 7,212. Katika maisha yake hajapata kuona mporomoko wa siku moja kama ule, na moyo ulimdunda kwa furaha, maana siku kama hizo ndizo vibanda vile hujengewa. Akaandika 7,212 akaipigia mstari chini.

Alhamisi akaitwa kwenye kamati ya nidhamu.

Kamati ilikuwa na watu watatu: Bwana Malengo mwenyewe, mkuu wa stoo, na mwakilishi wa wafanyakazi, ambaye kazi yake ilikuwa kumtetea, lakini naye alikuwa amewekewa lengo la kumaliza kesi tatu kwa mwezi na mwezi ule alikuwa amemaliza mbili.

"Mama," akaanza Bwana Malengo, "kati ya juzi na jana imepotea miale zaidi ya mia saba. Iko wapi?"

"Imezuiliwa njiani, Bwana Mkurugenzi."

"Na nani?"

"Na Jua."

Mkuu wa stoo aliandika, kisha akainua uso. "Miaka ishirini niko stoo, sijawahi kuona kitu kikapungua chenyewe. Kitu kikipungua, kuna mtu. Ule mlango wa kijani huwa unafungwa kwa kufuli?"

"Unafungwa. Lakini miale haipiti mlangoni, inapita kwenye bati."

"Ahaa," akasema mkuu wa stoo, akaandika: bati linapitisha.

"Hilo Jua," akauliza mwakilishi wa wafanyakazi kwa upole, kama mtu anayetafuta upenyo wa kumwokoa, "una barua yoyote kutoka kwake?"

"Jua haliandiki barua, mwanangu."

"Basi umelituhumu bila ushahidi, mama. Kanuni haziruhusu."

Kisha Bwana Malengo akainama mbele na kuuliza swali moja, la pekee lenye akili lililoulizwa chumbani humo. "Mwaka juzi namba zilipopanda, ukapewa zawadi hapa hapa. Ulisema ni Jua?"

Bi Vumbi akatazama meza. Uso ulimwaka kwa aibu. "Sikusema."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kupigiwa makofi. Ilikuwa makosa. Zawadi nitairudisha."

Hilo halikukubalika hata kidogo, maana Bwana Malengo naye alikuwa amepandishwa daraja kwa sababu ya kupanda kule, na akirudisha mmoja itabidi warudishe wote. Akamtaka jambo dogo tu: arekebishe namba ya Jumatano iwe 8,500, na kesi iishe. Bi Vumbi akakataa. Si kwa sauti kubwa. Alisema, "Siwezi, baba. Nifanyeni mnavyotaka, lakini hiyo siwezi," na sauti ilimtetemeka kuliko jambo lenyewe lilivyostahili, mpaka mkuu wa stoo akashangaa. Basi Bwana Malengo akaliagiza daftari, akatoa wino mweupe wa kufutia, akaipaka 7,212 mpaka ikapotea, akasubiri ikauke, akaandika juu yake 8,500 kwa mwandiko mzuri sana. Mwandiko alikuwa nao. Namba za mwezi ule alizituma yeye mwenyewe.

Bi Vumbi akahamishiwa getini kuandika namba za magari. Na getini nako, usicheke, akawekewa lengo: magari na vyombo vya usafiri arobaini kwa siku. Taasisi ile ilikuwa ikipata wageni tisa ikijitahidi. Seremala akasikia. Kesho yake akaja na baiskeli yake, akaingia getini, akazunguka ua, akatoka, akaingia tena. Siku ya kwanza aliingia mara kumi na saba, jasho linamtoka. "Andika," akamwambia mkewe kila alipopita. "Hii si uongo. Nimepita kweli." Naye akaandika, anacheka na kulia kwa pamoja.

Kibandani aliwekwa mtu mwingine, kijana mtiifu kutoka masijala, aliyeambiwa lengo ni 8,500 na akaandika 8,500 kila siku bila kufungua mlango. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa fupi kuliko kawaida. Haikupita miezi miwili, barua ikafika kutoka ile ofisi ya nchi ya mbali. Walisema siku ile ya Jumatano vituo vyote duniani, kuanzia kwenye barafu mpaka kwenye joto, viliporomoka kwa pamoja. Kimoja tu kilipanda. Walitaka kuja kukiona.

Bwana Malengo alisoma sehemu ile ya "kimoja tu kilipanda" kwa kipaza sauti. Akaamuru kitambaa cha kukaribisha mgeni kiandikwe: KARIBU KWENYE KITUO KINACHOONGOZA DUNIANI.

Mgeni akaja asubuhi na mapema, mama mmoja mwembamba aliyebeba begi lake mwenyewe, na Kiswahili anakijua vizuri tu. Getini Bi Vumbi alimwandikia namba ya gari. Mgeni aliutazama mwandiko ule, akautazama tena.

"Namba zako hizi nazifahamu," akasema. "Huu mkia wa saba. Nimesoma karatasi zako miaka kumi na mitano. Unafanya nini hapa getini?"

"Nimehamishwa, mama."

"Twende wote."

Wakaingia kibandani watu watatu: mgeni, Bi Vumbi na Bwana Malengo, aliyekuwa amejitayarisha kutoa hotuba kuhusu usimamizi bora. Mgeni hakusikiliza hotuba. Alifungua daftari ukurasa wa ile Jumatano, akapitisha ukucha juu ya wino mweupe.

"Hii ni nini?"

"Marekebisho," akasema Bwana Malengo.

"Kifaa kilisoma ngapi?"

Bwana Malengo akamgeukia Bi Vumbi, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke kwenye sabuni alionekana mtu anayeomba.

"7,212," akasema Bi Vumbi.

Mgeni akatoa karatasi begini, akalinganisha na vituo vya majirani, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akakaa juu ya tofali la risasi na kuvua miwani. "Sikiliza, mama, nikuambie ukweli. Huyu aliyekuja baada yako, 8,500 kila siku, namba zake zote nazitupa, hilo halina mjadala. Tatizo ni zako. Sheria yetu ni kwamba kituo kikikutwa na namba ya kubuni, tunakifuta chote. Miaka yote. Kwa sababu hatuwezi kujua nyingine zikoje. Nikirudi wataniuliza kama daftari la huyu mama linaaminika, na nitajibu ulichonijibu wewe. Kwa hiyo nakuuliza. Katika miaka ishirini na saba, ukiacha hii iliyoandikwa na bwana huyu, kuna namba nyingine isiyo ya kweli?"

Aseme hapana, basi. Neno moja tu. Bwana Malengo alikuwa akimsemea kwa midomo, bila sauti: hapana, hapana. Na kazi yake yote ilikuwa pale mezani, asubuhi elfu tisa na ushei, za homa na za mvua, na hata ile ya kuamkia kujifungua.

"Ipo moja," akasema Bi Vumbi.

Bwana Malengo akaegemea ukuta.

"Mwaka wangu wa kwanza, mwezi wa sita. Siku hiyo sikuwepo. Profesa alikuwa safarini. Nilirudi kesho yake nikakuta kihesabio kimeshajirudisha, na siku ya jana haina kitu. Nilikuwa nimetoka kwenye ufagio juzi tu. Nikasema wakiona pengo watanirudisha kufagia. Nikatazama ya juzi na ya leo, nikaandika ya katikati. 8,020. Imenikaa hapa kooni miaka ishirini na sita. Huyu bwana aliponiambia niandike 8,500, nilijua uzito wake. Ningebebaje ya pili?"

Mgeni alifunua kurasa za nyuma mpaka akaupata mwezi ule. Akalinganisha na karatasi zake kwa muda mrefu. "Hii 8,020 imekaa vizuri kabisa," akasema. "Imepita katikati ya wenzake wote. Nisingejua hata kidogo. Hakuna mtu ambaye angejua."

"Najua mimi."

Mgeni akamtazama, na macho yake yalikuwa yamebadilika. "Basi hizi nyingine naziamini," akasema. "Zote." Akatoa kalamu nyekundu. "Siku isiyosomwa kwetu si dhambi, mama. Tunaiacha wazi na kuandika sababu. Tutatengeneza hizi mbili, tumalize." Akaanza na ile Jumatano. Akaandika 7,212 mahali pake, akamgeukia Bwana Malengo. "Sababu ya kubadilishwa?"

Bwana Malengo alifikiri sana, akatazama mabomba, akatazama bati, akakosa pa kutokea. "Lengo," akasema kwa sauti ndogo.

Mgeni akaandika: lengo.

Kisha akaikata 8,020 kwa mstari. "Na hii? Sababu ya kutosomwa?"

Bi Vumbi akautazama ule ukurasa. Sababu hiyo hakupata kuisema pale kazini, si kwa Profesa, si kwa mtu yeyote; hata ruhusa hakuomba, aliondoka alfajiri akarudi alfajiri ya pili na udongo miguuni, akashika kalamu.

"Nilikuwa namzika mama yangu," akasema.

Mgeni akaandika pole pole, kwa herufi za kusomeka, ili na wale wa nchi ya mbali wasome: hakuna hesabu siku hii, msomaji alikuwa akimzika mama yake.